Ndoto Iliyopelekwa Ajia

Kila asubuhi, kabla hajamsalimu mtu, Paska alisukutua kinywa kwa maji ya mtungi, akayatema nyuma ya nyumba, ndipo akasema neno lake la kwanza. Mama yake ndiye aliyemzoeza hivyo. Alimwambia ndoto hulala mdomoni, na mtu akizungumza kabla ya kusukutua huimwaga ovyo, ikawapata wasiohusika. Mumewe Kasimiro, aliyekuwa mpishi wa jeshi kwa miaka kumi na moja mpaka vita vya 1979 vilipomtoa jikoni, alisema mdomoni mwa mtu asubuhi hakuna kitu ila harufu ya kitunguu cha jana.

Waliishi Lobule, upande wa Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Walirudi kutoka uhamishoni Sudan mwaka 1987, wakakuta nyumba imekuwa kichuguu na shamba limekuwa msitu. Wakafyeka, wakajenga. Sasa ilikuwa 1992, muhogo ulikuwa umekubali, mbuzi walikuwa sita, na Kasimiro alikuwa amepata baiskeli. Hawakuwa na mtoto, na walikuwa wameacha kulizungumza jambo hilo. Maisha yalikuwa yametulia kiasi kwamba mtu aliweza kupoteza nusu ya asubuhi akizungumza ndoto.

Aliyezizungumza naye ni Nora, jirani yake. Walikwenda pamoja mtoni kuloweka muhogo, na njia nzima ilikuwa ni ndoto tu. Nora alikuwa na majibu yake tayari. Ukiota samaki, kuna mwenye mimba. Ukiota nyama mbichi, kuna matanga. Ukiota unaruka angani, bado unakua, hata kama una miaka hamsini. Aliwahi kumwambia mwanamke mmoja wa kijijini kwamba mbuzi wake aliyepotea angerudi, na mbuzi akarudi. Zile mara alizokosea hakuzihesabu, wala Paska hakumkumbusha, kwa sababu raha ya safari ingeisha.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu Paska alitembea kimya mpaka walipofika kwenye mawe ya mtoni.

"Leo hukuota?" Nora akauliza.

"Nimemwona Santa."

Nora akalitua kapu lake chini. Jina hilo lilikuwa halijatajwa njia ile tangu wajuane.

Santa alikuwa mdogo wake Paska, wa tumbo moja. Mama yao alipokufa Santa hakuwa hata ameanza kutembea vizuri, na Paska, aliyekuwa msichana wa miaka kumi na sita, ndiye aliyemlea, akamwogesha, akamtafunia chakula. Walikimbilia Sudan pamoja. Huko, katika kambi karibu na Yei, Santa alikutana na Onzima, Mlugbara wa Ajia, upande wa Arua, fundi wa baiskeli, kijana mwenye maneno machache na viatu visivyolingana. Paska hakumkataa. Alisema tu wangoje mpaka warudi nyumbani, mambo yafanywe mbele ya ndugu. Kisha Paska akaugua malaria kali, na siku ya nne ya ugonjwa alipozinduka akakuta Santa hayupo. Ameondoka na Onzima alfajiri, hata kwaheri hakuna.

Paska alipopata nguvu alisema mbele ya watu wengi: "Chakula cha mikono ya Santa sitakila mpaka nizikwe." Neno lile likasafiri kambi hadi kambi, likamfikia mwenyewe. Ilikuwa mwaka 1983. Tangu hapo hawakuonana. Paska alisikia kwa wasafiri tu kwamba Santa na mumewe walikwisha kurudi Ajia, wana shamba, wana watoto.

"Umemwonaje?" Nora akauliza.

"Amekaa mlangoni, amenyolewa nywele zote. Meno yake yanadondoka moja moja, naye ananitazama tu. Halii."

Nora, mwenye majibu tayari siku zote, akainama akaanza kupanga muhogo majini. Paska alingoja. Mwishowe Nora akasema, "Labda ulikula maharage mengi."

"Nora. Sema."

"Meno ni ndugu, Paska. Jino likidondoka ni ndugu ameondoka. Na nywele… mtu hunyolewa kwa nini?" Akanyanyua uso. "Mimi ni mwongo, unanijua. Usinisikilize."

Lakini Paska alikuwa amekwisha kusikia.

Siku mbili hakula vizuri. Siku ya tatu Kasimiro alimpakia kwenye baiskeli akampeleka Koboko mjini kwa Abiriga, mwalimu wa madrasa, ambaye watu wa dini zote walimwendea na ndoto zao. Paska alikuwa Mkatoliki, na alimwomba Mungu msamaha njiani, lakini katekista wao alikuwa amekwisha kumwambia kwamba ndoto ni tumbo kujaa, na jibu hilo halikumsaidia.

Abiriga alikuwa anaezua bati bovu la paa lake. Aliteremka, akanawa mikono, akasikiliza mpaka mwisho. Alizungumza Kiswahili cha kule, kile cha sokoni na kambini.

"Mama, hiyo meno ilianguka wapi? Chini, ama kwa mkono?"

Paska akafumba macho kutazama. "Kwa mkono. Alikuwa anayashika."

"Haya. Hapo iko tofauti. Ikianguka chini, mutu anasema msiba. Ikianguka kwa mkono, mwenyewe anashika, hiyo inaweza kuwa watoto. Ama kitu mzuri anapata."

"Na nywele?"

"Nywele…" Mwalimu akajikuna ndevu. "Nywele mimi siwezi kudanganya wewe. Lakini sikia, mama. Wewe iko hapa Koboko unauliza mimi, na mwenye meno iko Ajia. Kwa nini huulizi yeye?"

Kasimiro, aliyekuwa ameegemea baiskeli uani, alikohoa. Ndilo alilolisema yeye tangu juzi.

Njiani kurudi Paska alisema, "Siwezi kwenda kula kwake. Niliapa."

"Basi nenda umtazame, halafu urudi na njaa," Kasimiro akasema akiendelea kukanyaga pedali. "Njaa ya siku moja umeizoea."

Akaenda. Lori la mkaa lilimfikisha Arua mchana wa Ijumaa, na akamtafuta Rosa Kiden sokoni. Huyu alikuwa mwenyeji wake wa zamani. Wakati Paska alipokuwa mkimbizi Sudan, familia ya Rosa ndiyo iliyompa kipande cha shamba cha kulima. Sasa vita vilikuwa vimegeuka upande, na Rosa ndiye mkimbizi, amepanga chumba Ediofe karibu na kanisa kuu, anauza samaki wakavu. Walipoonana walikumbatiana hadi beseni likayumba.

Paska hakutaka kuisimulia ndoto yake mbele ya soko, lakini Rosa alimuuliza kilichomleta, na wauza samaki watatu waliokaa naye wakasogeza vibao vyao. Alipofika kwenye nywele zilizonyolewa, mmoja akapiga paja.

"Mjane huyo! Bwana yake amekufa."

"Amekufa," mwingine akakubali. "Na ni siku nyingi, ndiyo maana halii tena."

"Lakini kama meno iko mkononi, huyo ameacha yeye kitu. Ameacha shamba."

Wa tatu akauliza kama marehemu alikuwa na ndugu wa kiume, na ni mtu wa namna gani, kwa maana mjane mwenye watoto hawezi kukaa hivihivi. Kabla mteja mwingine hajafika walikuwa wamemzika Onzima, wamegawa shamba lake, na wanabishana juu ya nani amchukue mkewe. Paska aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kisha kicheko kikamtoka, cha kwanza tangu Jumatatu.

Jioni, chumbani Ediofe, wakichambua kunde, Rosa alisema, "Mimi sijui kusoma ndoto. Kila wiki naota nyumba yangu ya Yei. Kila wiki nimeacha chungu motoni, nakimbia kurudi kukiepua. Nilimuuliza kila mtu maana yake. Mwishowe nikaona hakuna cha kuuliza. Nataka kurudi kwangu, basi."

Rosa akamsogezea fungu jingine la kunde.

"Na wewe unataka kumwona mdogo wako."

"Mimi sikusema hivyo," Paska akasema kwa ukali, na akaendelea kuchambua.

Kesho yake alianza safari ya Ajia jua likichomoza, khanga mpya kichwani, na kifurushi cha samaki alichopewa na Rosa. Ni mwendo wa kutwa kasoro kidogo. Njia nzima watu walikuwa mashambani, maana mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha na kila mtu aliwahi kupanda. Alipouliza kwa Onzima fundi, walimwonyesha bila kusita. Hakuna aliyemwambia pole. Hilo lilimpa moyo, ingawa alijiambia labda hawajui yeye ni nani.

Uani kulikuwa na msichana wa miaka saba hivi, anafukuza kuku kwenye simsim, yaani ufuta, iliyoanikwa. Alipomwona mgeni alitabasamu, na mbele, juu na chini, hakuwa na meno.

Paska akakaa kwenye kinu kilicholazwa.

"Jina lako nani?" akauliza kwa Kikakwa bila kufikiri, na mtoto akajibu kwa Kikakwa, lugha ya mama yake, kwa ulimi uliokuwa unapita mwanya wa meno:

"Betty."

"Mama yako yuko wapi?"

Betty akanyoosha mkono. Mwanamke alikuwa anakuja kutoka shambani, jembe begani, kilemba chekundu kichwani, mnene, anatembea kama mtu mwenye mambo mengi ya kufanya. Alikuwa anamkaripia mtu nyuma yake. Alipofika uani akaona aliyekaa kwenye kinu, akasimama. Jembe likateremka polepole mpaka chini.

"Nani amekufa?" Santa akauliza.

"Hakuna."

"Kasimiro?"

"Mzima. Ndiye aliyenileta mpaka kwenye lori." Paska akatazama nyuma ya mdogo wake. "Na wewe? Mumeo?"

"Yule pale anakuja, amejikwaa kisiki, namwambia kila siku akiondoe." Santa hakusogea. "Paska, umekuja kufanya nini?"

Basi Paska akaeleza. Mlangoni, nywele, meno, Nora, mwalimu, wauza samaki. Aliposimulia alisikia jinsi habari yenyewe ilivyokuwa ndogo, na akazidi kusema haraka. Santa alimsikiliza bila kupepesa macho. Kisha akashika kilemba chake, akakivuta kikatoka. Nywele zake zilikuwa nyingi, zimesukwa mistari, na zilihitaji kusukwa upya.

"Haya, nywele ndizo hizi. Na meno…" Akafungua kinywa wazi kama mbele ya daktari. "Yote. Hesabu."

Paska akatazama kweli. Hapo ndipo Santa alipoanza kucheka, na alipocheka akalia, na Betty akaacha kuku wale simsim watakavyo.

Onzima alifika akichechemea. Uso ulikuwa umejaa, lakini Paska alimtambua kwa namna alivyokaa kimya kwanza. Alipoelezwa yote alifikiri, akasema kwa Kiswahili, kwa kuwa Kikakwa chake kilikuwa kibaya hata baada ya miaka tisa:

"Shemeji, mimi naona hakuna kosa. Wewe uliota meno, na huyu Betty iko anaota meno. Hiyo ni neno moja."

Santa akamwambia anyamaze, kila mtoto wa miaka saba hana meno. Onzima akasema yeye hakuapa kwamba ni hivyo, amesema anaona. Paska akasema Nora angelipenda jibu hilo. Wakabishana juu yake kwa muda, wote watatu, na ilikuwa rahisi kuliko kuzungumza mambo mengine.

Santa akaleta maji katika kibuyu. "Maji utakunywa? Maji hukuyataja."

Paska akanywa.

"Chakula sikuletei. Uliapa mbele ya watu. Sitaki uvunje kiapo uani kwangu, kesho ukiumwa kichwa waseme ni mimi."

Alisema kama mzaha, lakini hakuwa anatania, na Paska alijua. Alikuwa ametembea kutoka Arua na hakuwa amekula. Akainamisha kichwa. Onzima aliingia jikoni, akatoka na ungo wa unga wa muhogo na mtama, chungu, mwiko, na fungu la majani ya kunde, akaviweka mbele ya shemeji yake.

"Ulisema chakula ya mikono ya Santa. Si hivyo? Mikono yako iko wapi?"

Basi Paska akapika. Akakoroga ugali mzito kama alivyowapikia zamani, akaunga kunde kwa simsim, akaloweka samaki wa Rosa na kuwaongeza. Watoto wengine wawili walitoka walikokuwa wakakaa kuuzunguka moto. Santa alisimama mlangoni, mikono kifuani, anatazama.

"Chumvi kidogo," akasema.

"Nani amekuuliza?"

"Watoto wangu hawali chakula kisicho na chumvi."

Paska akaongeza chumvi. Walipotengewa, Santa alisogea, akakaa, akanawa, akala sahani moja na dada yake. Yeye hakuwa ameapa chochote. Watoto waligombea kichwa cha samaki, Onzima akakigawa. Karibu na mwisho, Santa alimega tonge, akalichovya, na badala ya kulipeleka kinywani mwake akalishika mbele ya Paska.

Paska aliutazama mkono ule. Kisha akafungua kinywa akalipokea, akatafuna, akameza.

"Chumvi imetosha," akasema.

Hawakuzungumza habari ya kambi siku ile. Walizungumza siku ya tatu, shambani, wakipanda karanga, kila mmoja kwenye mstari wake, kwa maana hapo mtu hana haja ya kumtazama mwenzake.

"Lori la kina Onzima lilikuwa linaondoka alfajiri ile," Santa akasema. "Walikuwa wanahamishiwa kambi nyingine, hatukujua kama tutaonana tena. Nilikuja mpaka kitandani kwako. Ulikuwa hujalala siku tatu kwa homa, na ndiyo kwanza umepata usingizi. Ningekuamsha?"

"Ungeniamsha."

"Ungenikataza."

Paska akafukia mashimo matatu kabla ya kujibu. "Ningekukataza."

"Basi."

"Lakini ungeniamsha," Paska akasema tena. Santa akasema ndiyo, alipaswa kumwamsha, alijua hivyo tangu lori lilipowasha injini. Wakaendelea mpaka mwisho wa mstari, wakageuka.

Paska alikusudia kukaa siku mbili, akakaa kumi na mbili. Alituma salamu kwa Kasimiro kupitia dereva wa lori, na Kasimiro akajibu kwa njia hiyohiyo kwamba mbuzi mmoja amezaa na asiharakishe. Alimsuka Santa upya. Kila asubuhi dada hao walisukutua vinywa pamoja nyuma ya nyumba, halafu Onzima akasimulia ndoto zake za baiskeli zisizokuwa na minyororo, nao wakamfafanulia, kila mmoja kwa namna yake, mpaka chai ikapoa. Karanga zilipotokeza majani mawili mawili, Paska akafunga khanga yake.

Mwezi wa nane, baada ya mavuno, Santa alikwenda Lobule na watoto wote watatu. Alikuwa hajauona mji wa kwao tangu avuke mpaka akiwa msichana. Alizunguka shamba lote kwa miguu, akauliza mstari ule wa mihogo ulipandwa na nani na kwa nini umepindika. Kasimiro alivaa aproni yake ya jeshi, ambayo hakuwa ameitoa sandukuni kwa miaka kumi na tatu, akawapikia wageni pilau katika sufuria aliyoiazima kanisani. Pilau ikaungua chini. Watoto walikwangua ukoko wote, wakamwambia ndio mtamu, wakamuuliza kesho atapika tena saa ngapi.